Mbona Umenyamaza?

Video yangu ya kwanza ilikuwa na urefu wa dakika 11. Niliirekodi Jumanne usiku, stima ikiwa imerudi baada ya kupotea tangu jioni, nikakaa kuihariri hadi saa tisa usiku. Nilikata kila mahali nilipopoteza mpira kijinga. Mabao mawili niliyofunga niliyapunguza kasi, yakaonekana makubwa kuliko yalivyokuwa. Chini nikaweka muziki wa bure, ule ambao kila chaneli mpya inao. Nembo nilikuwa nimeichora kwa simu. Nikalala nikijua kwamba nimemaliza kazi.

Asubuhi nikamtumia binamu yangu. Ananizidi miaka tisa na anaendesha nduthi pale stage yetu Kayole. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, upepo ukivuma nyuma yake, maana huwa hasimami hata akiambiwa na polisi.

"Buda, nimeona. Mpira uko poa. Lakini mbona umenyamaza? Kwani ulikuwa umefungwa mdomo?"

Nilikasirika kidogo, sidanganyi. Halafu nikakumbuka ni nani anayeniuliza.

Nikiwa darasa la tatu au la nne, kulikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya stage, chenye runinga tatu za mgongo mnene na PlayStation 2 tatu ambazo vifuniko vyake vilikuwa vimetolewa ili zipoe. Gemu moja ilikuwa shilingi 10. Ukishinda unabaki, ukishindwa unampa mwenzako padi na kurudi kwenye foleni. Binamu yangu alikuwa pale kila siku baada ya shule, na nadhani hakucheza hata mara 20 kwa mwaka mzima, kwa sababu hiyo kumi hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mdomo. Alisimama nyuma ya benchi na kutangaza. Alianza kwa Kiswahili sanifu cha watangazaji wa mpira wa redio, na joto likipanda anateremka hadi Sheng ya kwetu. Wachezaji kwenye skrini hakuwaita majina yao. Beki mmoja mzito wa Italia alikuwa "landilodi", kwa sababu alifika wakati kitu kimeshaharibika. Winga wa Brazil alikuwa "kanjo anakuja", kwa vile kila mtu alimkimbia.

Kuna siku watu waliacha runinga mbili zikiwa wazi, zimelipiwa, wakaja kusikiliza ile moja aliyokuwa anatangaza. Mwenye kibanda akaanza kumpa soda.

Hakuna hata sekunde moja ya hayo iliyorekodiwa. Sina picha ya kibanda, sembuse sauti. Paliposimama sasa kuna ghorofa ya vyumba vya kupangisha.

Kwa hivyo swali lake halikuwa la mzaha, hata kama yeye alilitupa hivyo. Nilitumia wiki mbili zilizofuata kusoma jinsi watu walivyoanza kurekodi gemu, nikitafuta ni lini hasa walianza kuongea. Ikawa kwamba sikuwa wa kwanza kunyamaza. Kwa zaidi ya miaka 20 karibu kila mtu alinyamaza.

Mwanzo wenyewe haukuwa video. Mapema miaka ya 1980, kampuni ya Activision ya Marekani ilikuwa inawaambia wanunuzi wa gemu zake za Atari kwamba wakifikisha pointi fulani, wapige picha ya skrini ya runinga na kuituma kwa posta. Ukifanya hivyo unarudishiwa kitambaa cha kushona kwenye koti, kama cha skauti. Hebu fikiria: mtoto anasitisha gemu, anaita baba alete kamera, wanazima taa ili kioo kisiakisi, wanapiga, halafu wanangoja filamu isafishwe dukani ndipo wajue kama pointi zinasomeka.

Huo ndio urekodi wa kwanza wa gemu nyumbani, na ulikuwa na kazi moja tu: ushahidi. Hakuna aliyetaka kukuona ukicheza. Walitaka kujua kama unadanganya.

Mwaka wa 1981, katika mji mdogo wa Ottumwa, jimbo la Iowa, mtu anayeitwa Walter Day alifungua ukumbi wa gemu akauita Twin Galaxies, na mwaka uliofuata akaanza kutunza orodha ya rekodi za pointi. Baadaye kanda za VHS zikawa njia ya kuthibitisha rekodi hizo. Ndani ya kanda kama hizo kulikuwa na saa nzima, au zaidi, za mtu ambaye huoni uso wake wala husikii sauti yake, anaruka mapipa ya Donkey Kong. Ni video zenye mtazamaji mmoja: refa.

Na marefa hao, miaka mingi baadaye, wakawa wachunguzi. Billy Mitchell, mmoja wa wachezaji maarufu zaidi wa Donkey Kong, alikuwa na rekodi zilizotegemea kanda. Mwaka wa 2018 Twin Galaxies ilizifuta baada ya watu kuzitazama fremu kwa fremu. Hawakuangalia alivyocheza. Waliangalia jinsi vyuma vya jukwaa vinavyojichora kwenye skrini hatua mpya inapoanza, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, wakasema mashine halisi haichori hivyo, programu ya kompyuta inayoiga mashine ndiyo huchora hivyo. Mitchell alikana na akaenda mahakamani. Kesi iliisha kwa makubaliano mwaka wa 2024, na rekodi zake zikarudishwa kwenye kumbukumbu za kihistoria za Twin Galaxies. Mimi sina la kuongeza hapo. Kilichonishika ni kwamba kanda ilitunza kitu ambacho aliyerekodi hakukusudia kukirekodi, na hicho ndicho watu walikuja kukigombania. Nitalirudia hili.

Baada ya kanda likaja jambo la ajabu kidogo. Gemu ya Doom ilitoka Desemba 1993, na ndani yake kulikuwa na njia ya kurekodi mchezo wako bila kurekodi picha. Faili yake ilihifadhi vidole vyako tu: hapa alibonyeza mbele, hapa akageuka, hapa akafyatua. Ni kama kuandika hatua za kupika badala ya kupiga picha ya chakula. Mwenye jiko lake, yaani mwenye gemu hiyo hiyo, akizifuata atapata sahani ile ile. Faili lilikuwa dogo mno, na hilo lilikuwa muhimu wakati intaneti ilipitia waya wa simu ya nyumbani.

Quake ya mwaka wa 1996 ilipanua hilo, na hapa ndipo uhariri unapozaliwa. Rekodi za Quake zingeweza kufunguliwa baadaye na kamera ikahamishwa, ili tukio lile lile lionekane kutoka juu, au kutoka machoni pa adui. Oktoba ya mwaka huo kikundi cha wachezaji walioitwa Rangers kilitoa Diary of a Camper, filamu ya dakika chache mno, isiyofika hata mbili, iliyoigizwa ndani ya Quake. Ilikuwa na hadithi, ilikuwa na mzaha mwishoni. Lakini wahusika hawaongei. Maneno yao yanapita juu ya skrini kama maandishi.

Juni 1997 ikaja Quake done Quick: gemu nzima, kwa kiwango kigumu kuliko vyote, imemalizwa kwa dakika 19 na sekunde 49. Watu kadhaa walicheza, kila mmoja hatua aliyoiweza zaidi, wakaunganisha vipande. Ukitazama leo bado unashika kichwa. Lakini hata hapo hakuna anayekuambia, "Shika hapo, sasa uone."

Mimi nilikuja kwenye hii dunia kupitia Fraps. Kama ulikuwa na kompyuta kati ya 2005 na 2012, au jirani alikuwa nayo, unaijua: programu ya kampuni ya Australia iliyoanza mwaka wa 1999, inakuonyesha kasi ya gemu kwa namba za njano pembeni na inarekodi skrini. Bila kulipa ilikupa sekunde 30 na chapa ya tovuti yao juu ya picha. Sijawahi kukutana na mtu aliyelipa. Ilikula nafasi ya diski kama moto kwenye nyasi kavu. Dakika chache tu na umejaza gigabaiti kadhaa. Nyingine ilikuwa HyperCam 2, yenye maandishi kwenye kona yakikutangazia dunia nzima kwamba hujaisajili.

Tazama video za miaka hiyo. Vijana wengi hawakuwa na maikrofoni, au walikuwa nayo na waliona haya, au mama alikuwa amelala chumba cha pili. Kwa hivyo walifungua Notepad katikati ya video na kuchapa: salamu, samahani kwa Kiingereza kibovu, sasa bonyeza hapa. Unaona herufi zikifutwa na kuandikwa upya. Hizo zilikuwa sauti zinazotafuta mlango.

Ila palikuwa na pahali ambapo sauti haikuhitaji mlango, nako ni kwenye umati. Agosti 2004, huko Pomona, California, mashindano ya Evo ya Street Fighter III. Daigo Umehara wa Japani amebakiza uhai usioonekana vizuri kwa macho. Justin Wong, Mmarekani, anafyatua mfululizo wa mapigo 15 ambao hata ukijikinga kwa njia ya kawaida unakumaliza. Daigo anasukuma kijiti kwa wakati kamili na kuyapangua yote, moja baada ya jingine, kisha anajibu na kushinda. Kuna watu wanaoweza kueleza kwa nini hilo ni gumu, mimi siwezi kwa aya moja. Lakini sio ugumu uliofanya klipu hiyo itazamwe mamilioni ya mara na watu ambao hawajawahi kushika Street Fighter. Ni zile kelele. Unasikia ukumbi unaanza kuelewa kinachotokea kabla hujaelewa wewe, sauti inapanda pigo kwa pigo, halafu paa linang'oka. Ondoa sauti na utabaki na vikaragosi viwili.

Mwaka uliofuata, Mei 2005, ikaja ile ya World of Warcraft ambapo wachezaji wanapanga vita kwa makini, wanapiga hesabu ya asilimia, na jamaa mmoja aliyekuwa ameenda jikoni anarudi, analia jina lake Leeroy Jenkins na kukimbilia ndani peke yake, wote wanakufa. Ilikuwa maigizo, wenyewe walikuja kukiri. Hakuna aliyejali. Picha yenyewe ni ya kawaida kabisa, mazimwi na giza. Kinachochekesha ni sauti za watu walioketi kwenye nyumba tofauti wakilaumiana.

Basi jina lenyewe, Let's Play, lilizaliwa kwenye tovuti ya Something Awful katikati ya muongo huo, mahali ambapo ulilipa kama dola 10 ili uruhusiwe kuandika. Watu walicheza gemu na kubandika picha za skrini, chini yake wakaandika utani na maoni. Mwaka wa 2007 Michael Sawyer, anayejulikana zaidi kama slowbeef, akacheza gemu ya zamani inayoitwa The Immortal, akarekodi video na kuongea juu yake. Mara nyingi hiyo ndiyo hutajwa kama video ya kwanza ya aina hiyo. Huko Japani runinga ilikuwa imeshaliona jambo hili: tangu 2003 mchekeshaji Shinya Arino alikuwa anateseka na gemu ngumu za zamani kwenye kipindi cha GameCenter CX, na watu wanamwangalia akishindwa.

Jina hilo ukilitia Kiswahilini linakuwa neno moja tu: tucheze. Ile "tu" ya mwanzo ndiyo iliyokuwa imekosekana tangu kitambaa cha Activision. Na ndiyo iliyokosekana kwenye dakika zangu 11.

YouTube ilikuwa imeanza mwaka wa 2005, ikanunuliwa na Google mwaka uliofuata kwa dola bilioni 1.65, na kuanzia Machi 2006 haikuruhusu watu wa kawaida kupakia video inayozidi dakika 10. Ilipofika Julai 2010 wakaongeza hadi 15. Kwa hivyo gemu ya saa 20 ilikatwa vipande mia na kitu, na kila kipande kikahitaji salamu yake na kwaheri yake. Nadhani ile tabia ya "karibuni tena kwenye chaneli yangu" inatoka hapo, kwenye kizuizi cha dakika, ingawa kizuizi chenyewe kimesahaulika.

Sisi hapa wakati huo tulikuwa tunangoja. Mpaka katikati ya 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya kujikokota. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka huo, na SEACOM ikaanza kazi Julai. Kabla ya hapo kuangalia video ya dakika 10 saiba kulikuwa ni kulipia mduara unaozunguka. Kupakia yako? Wacha mchezo.

Lakini hapa ndipo nilipoona kwamba nimeisoma historia hii vibaya, kana kwamba sisi tulichelewa tu. Kama jambo lenyewe ni kuiwekea sauti yako picha ya mtu mwingine, basi watu wa huku walikuwa wameshalifanya na kulimaliza, tena na kuliuza.

DJ Afro. Huhitaji nikueleze, lakini nitaeleza kwa ajili ya wale waliolelewa na Netflix. Anachukua filamu ya Hollywood, ya China au ya Kihindi, na juu yake anasimulia kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Mlima Kenya: nani ni nani, nani ana deni la nani, kwa nini huyu atapigwa. Wahusika wanaongea mambo ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota. Nimekulia kwenye vibanda vya video ambapo watu walikataa filamu mpya, safi, wakataka ile ya zamani kwa sababu ina sauti ya Afro. Tanzania walikuwa na Lufufu, jina halisi Derek Gaspar Mukandala, aliyefasiri filamu kwa sauti ya kutikisa spika. Uganda wana VJ zao, na hadi leo ukiingia kibanda cha Kampala huambiwi filamu ni ya nani kabla hujaambiwa VJ ni nani.

Binamu yangu alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo bila kujua. Kule ng'ambo walianza na picha, wakahangaika miaka 20 kutafuta sauti. Huku sauti ilikuwepo, imekomaa, ina wateja. Tulichokosa ni kitufe cha kurekodi.

Na hela, bila shaka. Nilipomweleza haya yote pale stage, amekalia nduthi yake akila mahindi, hakunisifu kwa utafiti. Aliuliza, "Sasa nikitangaza kwa hiyo video yako, hizo pesa ni za nani? Za wenye gemu, zako, ama zangu?"

Ni swali ambalo kampuni kubwa zimeligombania. Felix Kjellberg wa Sweden, PewDiePie, alianza chaneli yake mwaka wa 2010, akajulikana kwa kupiga mayowe akicheza gemu ya kutisha ya Amnesia, uso wake kwenye kona. Agosti 2013 alikuwa na chaneli yenye wafuasi wengi kuliko zote YouTube. Miezi michache kabla ya hapo, Mei 2013, Nintendo ilianza kudai pesa za matangazo kwenye video za watu zilizotumia gemu zake. Hoja yao haikuwa ya kijinga: picha ni zetu, muziki ni wetu, wahusika ni wetu, wewe umeweka nini? Mwaka wa 2015 wakaanzisha mpango wa kugawana, asilimia 60 kwa mwenye video, au 70 akisajili chaneli nzima na kuijaza gemu zao tu. Watu walilalamika. Mwishoni mwa 2018 mpango ukafungwa na Nintendo ikatoa masharti mapya: tumia gemu zetu, pata pesa yako, mradi uwe umeongeza ubunifu au maoni yako mwenyewe. Kunakili mchezo mtupu hakuruhusiwi.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Kampuni ya Kyoto ilikuwa imefika kwenye jibu lile lile la mwenye kibanda cha Kayole. Mwenye kibanda alijibu kwa soda.

Tusijidanganye kuhusu pesa zenyewe. Tangu Februari 2018 YouTube inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kukupa mgao wa matangazo. Nilipiga hesabu: video yangu ya dakika 11 ingehitaji kutazamwa kutoka mwanzo hadi mwisho zaidi ya mara 21,800. Ilikuwa imetazamwa mara 34, na tano kati ya hizo ni mimi. Ukivuka, KRA anakungoja na asilimia 5 yake kutokana na Sheria ya Fedha ya 2023. Mswada wenyewe ulikuwa umetaka 15. Nilimwambia binamu tugawane nusu kwa nusu. Akasema nusu ya hewa ni hewa, lakini atakuja Jumapili.

Kabla ya Jumapili nilijaribu kupanga sauti vizuri, na hapo nikakutana na kipande cha historia ambacho kilinituliza. Wengi wetu tunarekodi kwa simu. Android ilianza kuruhusu programu za kawaida kurekodi skrini mwaka wa 2014, toleo la 5, lakini sauti ya ndani ya gemu haikupatikana kirahisi hadi toleo la 10 mwaka wa 2019. Mwaka uliofuata toleo la 11 likaja na kirekodi chake lenyewe. Kati ya hapo, kwa miaka mitano hivi, njia ilikuwa moja: sauti ya gemu inatoka kwenye spika ya simu, inazunguka chumba, na kuingia tena kupitia maikrofoni. Chafu kabisa. Nilitafuta klipu zangu za miaka hiyo, nilizorekodi kwa kujifurahisha na kuzisahau kwenye kadi ya kumbukumbu. Gemu ni za kawaida. Lakini nyuma yake yuko jogoo wa ploti. Yuko mama akiuliza nani amemaliza maji ya mtungi. Kuna redio ya jirani, na klipu moja ina nyanya yangu akiniita kwa lile jina ambalo yeye peke yake alilitumia. Alifariki mwaka wa 2019. Sikuwa na rekodi nyingine ya sauti yake, na hiyo nimeipata kwa sababu simu ilikuwa duni.

Jumapili binamu alikuja na kofia ya nduthi mkononi. Nilikuwa nimefunga dirisha, nimening'iniza blanketi mlangoni kuzuia mwangwi, kama walivyoshauri wataalamu. Nikampa padi moja na maikrofoni. Tukaanza. Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mtu ambaye alikuwa anajaza kibanda!

"Naongea na nani?" akaniuliza. "Hapa ni kama nimefungiwa ndani."

Nikafungua mlango, nikatoa blanketi. Watoto wa ploti, ambao walikuwa wamesikia PlayStation tangu mwanzo, wakaingia wanne, kisha saba. Mmoja akakaa juu ya waya. Binamu akawaangalia, akasafisha koo, na Kiswahili sanifu cha redio kikatoka kama vile kilikuwa kimeegeshwa hapo nje. Kufikia nusu ya kwanza beki wangu alikuwa ameshaitwa token ya stima, kwa sababu anaisha ukimhitaji.

Kwenye kuhariri nilikuwa na sauti mbili, ya gemu na ya chumba, na kitufe cha kuondoa kelele. Nilikijaribu. Kinafanya kazi vizuri sana: watoto walipotea, matatu zikapotea, na binamu akabaki akiongea ndani ya kitu kama chupa. Nikairudisha ilivyokuwa. Vipande nilivyokata ni viwili tu, mahali padi ilipokatika na mahali mtoto mmoja alipotaja jina la mwalimu wake na tusi.

Mwisho sikuuchagua mimi. Simu ya binamu ililia, mteja wake wa Donholm amefika stage. Aliitangaza hata hiyo, akasema mchezaji ameitwa na timu ya taifa, akaweka padi chini na kuchukua kofia. Unasikia nduthi ikiwaka, ikiondoka, watoto wakibishana nani ashike padi yake. Mpira ulikuwa 1–1, dakika ya 71.